Foklifti ya umeme au ya mafuta: namna ya kuchagua kabla hujalipa

Mtu akitaka kununua foklifti huanza na bei, akimaliza bei huuliza tani. Swali la betri au dizeli huja mwishoni, muuzaji akiwa ameshatoa karatasi za kusaini, nalo hujibiwa haraka haraka kwa kuangalia jirani anatumia nini. Nashauri ligeuzwe liwe la kwanza. Ukijua saa zako za kazi, sakafu yako, hewa ya ghala lako na umeme unaoingia kwenye jengo, mashine inayokufaa huwa imeshajichagua hata kabla hujafika kwa muuzaji.

Wapo wanaodhani kubeba mizigo kwa betri ni jambo la juzi. Mwaka 1906 kampuni ya reli ya Pennsylvania, Marekani, ilikuwa tayari inasogeza mizigo ya abiria kwa mikokoteni ya betri katika stesheni ya Altoona. Kilichobadilika sana miaka ya karibuni ni betri yenyewe.

Mwongozo huu ni wa foklifti za kawaida za dereva kukaa, zenye uzani mzito wa chuma nyuma, kuanzia tani 1.5 hadi 5. Kwa upande wa mafuta nazungumzia dizeli na gesi ya mitungi. Petroli inafanana na gesi katika mambo mengi. Kwa upande wa umeme nazungumzia betri za risasi na tindikali, na za lithiamu.

Hatua ya 1: Pata saa halisi za kazi

Kama una foklifti tayari, hata ya kukodi, soma mita yake ya saa Jumatatu asubuhi na Jumamosi jioni, kisha toa. Ila uliza kwanza mita hiyo inahesabu nini. Nyingine huhesabu muda wote ufunguo ukiwa umewashwa, nyingine huhesabu pale tu magurudumu yanapozunguka au pampu ya haidroliki inapofanya kazi. Dereva anayeacha injini ikinguruma huku akisubiri karatasi za mzigo atakuonyesha saa 8 kwa siku wakati kazi yenyewe haikuzidi 5. Kwenye dizeli, zile saa 3 za kunguruma zimeunguza mafuta na kukusogeza karibu na sevisi. Kwenye betri, mashine ikisimama mota nazo zimesimama, na kinachotumika ni umeme kidogo wa taa na mitambo ya kuongozea.

Katika wiki hiyo hiyo andika pia mzigo mzito kuliko yote, kimo cha rafu ya juu kabisa, umbali mrefu wa safari moja, na muda ambao mashine hupumzika: saa ngapi, kwa dakika ngapi. Hayo mapumziko yatakuja kuamua aina ya betri.

Kuhusu uzito, kuna kosa linalofanywa kwa mashine za aina zote mbili. Kibao cha uwezo kikisema kilo 2,500, kinamaanisha kilo 2,500 pale ambapo kitovu cha uzito wa mzigo kiko umbali fulani kutoka kwenye kisigino cha uma, yaani pale uma unapokunjika kupanda juu, mara nyingi milimita 500. Kreti yenye kina cha mita 1.5 ina kitovu chake milimita 750. Mashine hiyo haitaibeba kreti ya kilo 2,500, iwe ya betri au ya dizeli, na mlingoti unaoinua uma ukipanda juu uwezo unapungua zaidi. Nunua kwa kipimo cha mzigo wako mbaya kuliko yote.

Hatua ya 2: Tembea njia ya mashine kwa miguu

Toka ofisini, pita pale foklifti itakapopita, tangu lori linaposhushia hadi rafu ya mwisho. Angalia mashimo, kokoto, reli za milango, maji yaliyotuama na miinuko.

Uwanja wenye udongo na matope bado ni wa dizeli yenye matairi makubwa ya upepo. Foklifti nyingi za betri zimejengwa chini, kwa matairi magumu na sakafu laini. Kwenye mwinuko mfupi wa kuingilia lori, foklifti ya umeme haina shida, tena mota yake ina nguvu kamili tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Shida huja pale mwinuko ni mrefu na unapandwa na mzigo kutwa nzima: betri inakwisha mapema, mota na kidhibiti chake vinapata joto, kisha mashine inajipunguzia nguvu yenyewe ili isiungue. Dereva ataiita mbovu, kumbe inajilinda.

Mvua siyo tena sababu ya kuikataa ya umeme moja kwa moja. Uliza kiwango cha kinga ya mota na vidhibiti; IP54, kwa mfano, maana yake vumbi haliingii kwa kiasi cha kudhuru na maji yanayoruka hayaleti madhara. Haimaanishi unaweza kuiosha kwa mpira wa maji ya shinikizo, jambo ambalo vijana wa usafi hulifanya kwa moyo mweupe kabisa.

Chumba cha baridi kina masharti yake. Betri ya risasi hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake kwenye baridi ya kugandisha, na betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi bila kipasha joto chake, kwani seli huharibika kwa ndani. Mashine ifanye kazi humo, ichajiwe nje ya humo.

Na kama unahifadhi viyeyusho, rangi, unga unaorusha vumbi au chochote ambacho mvuke wake unaweza kulipuka, simamisha ulinganisho huu hapa. Foklifti ya kawaida haifai humo, ya betri wala ya mafuta. Kuna zinazojengwa mahsusi kwa mazingira hayo na zina vyeti vyake.

Hatua ya 3: Pima hewa watakayovuta watu

Hapa ndipo mimi huwa sina subira na hoja za bei. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Ghala lililofungwa, lenye watu wanaopanga bidhaa saa 8 kwa siku nyuma ya ekzosi, si mahali pa dizeli. Injini mpya zenye vichujio vya masizi zimepunguza uchafu sana, lakini vichujio hivyo vinahitaji injini ipate joto la kutosha ili masizi yaungue. Mashine inayowashwa dakika 5, kuzimwa, kisha kuwashwa tena kutwa nzima huziba kichujio, na ukiona taa ya onyo ikirudi kila wiki ujue kazi yako hailingani na injini hiyo.

Gesi ya mitungi ndiyo inayowapotosha wengi. Haitoi moshi mweusi, harufu yake ni ndogo, kwa hiyo inaonekana safi. Injini ya gesi ambayo haijarekebishwa vizuri hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na gesi hiyo haina rangi wala harufu. Kikomo cha kisheria cha Marekani kazini ni sehemu 50 kwa kila milioni kwa wastani wa saa 8, na taasisi yao ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, inashauri 35. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Watu watatu wa zamu moja wakilalamika kichwa siku moja, usiwagawie dawa za maumivu. Fungua milango, zima mashine, pima.

Ukiamua gesi ndani ya jengo, basi weka kwenye bajeti kipimo cha kaboni monoksaidi cha ukutani, upimaji wa ekzosi kila sevisi, na hewa inayopita kweli: milango miwili inayotazamana au feni za kutoa hewa. Gesi ya mitungi yenyewe ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini na kujaa kwenye mashimo na mifereji. Mitungi ya akiba ikae nje, mbali na mashimo na milango ya chini.

Betri nayo haiko safi moja kwa moja. Betri ya risasi inapochajiwa hutoa haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka. Sehemu ya kuchajia iwe na hewa inayotoka juu, maana haidrojeni hupanda, na pasiwe na moto, sigara wala kulehemu karibu.

Hatua ya 4: Hesabu betri kabla ya kuhesabu fedha

Wengi wanaojuta kununua ya umeme waliiruka hatua hii. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: volti mara ampea-saa, gawa kwa 1,000, unapata uniti zile zile unazolipia kwenye bili.

Chukua betri ya risasi ya volti 48 na ampea-saa 600. Inabeba uniti 28.8. Betri ya risasi haitakiwi kutumiwa zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo unazoruhusiwa kutumia ni 23. Tuseme foklifti yako ya tani 2.5 inakula uniti 6 kwa kila saa ya kazi kweli. Umepata chini kidogo ya saa 4. Zamu ya saa 8 ambayo zaidi kidogo ya nusu yake mashine imesimama itapita, lakini kwa shida. Sasa kumbuka kwamba betri huhesabiwa imezeeka ikibaki na asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Zile uniti 23 zitakuwa 18, na saa 4 zitakuwa 3. Nunua betri itakayokutosha ikiwa mzee. Inayokutosha ikiwa mpya itakuacha njiani mwaka wa nne, mzigo ukiwa juu.

Kisha muda wa kuchaji. Kanuni ya betri ya risasi ni saa 8 kazini, 8 kwenye chaja, 8 za kupoa. Zamu moja inakaa vizuri kabisa ndani ya kanuni hiyo. Zamu mbili zinataka betri ya pili na mtambo wa kubadilishia, kwa sababu betri moja inaweza kuzidi tani moja na haibebwi kwa mikono wala kwa kamba za kubahatisha. Zamu tatu kwa betri za risasi zinataka chumba kizima cha betri na mtu wa kukisimamia.

Lithiamu imefuta sehemu kubwa ya maumivu haya. Inajaa kwa saa moja au mbili ukiwa na chaja yenye nguvu, haitaki maji, na inakubali kuchomekwa wakati wa chai na wakati wa chakula. Ndiyo maana nilikuomba uandike mapumziko. Angalia tu watu wasichanganye tabia: kuchomeka kidogo kidogo kunaifaa lithiamu, lakini betri ya risasi ukiifanyia hivyo bila chaja maalumu unaifupishia maisha, kwani kila chaji ni sehemu ya mizunguko yake, ambayo kwa kawaida ni kama 1,500. Ukiichaji mara moja kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hiyo ni miaka 5.

Chaja ya haraka nayo ina gharama yake ukutani. Kurudisha uniti 23 usiku kucha kwa saa 8 kunahitaji wastani wa kilowati 4 hivi kutoka kwenye soketi, pamoja na kinachopotea njiani. Kuzirudisha kwa saa moja na nusu kunahitaji zaidi ya 15. Foklifti tano zikichomekwa zote saa 11 jioni, waya, fyuzi na pengine transfoma ya jengo zitasema neno. Mwite fundi umeme kabla ya muuzaji wa foklifti. Kama umeme wako hukatika, muulize pia jenereta yako inaweza kuendesha chaja ngapi kwa pamoja. Jibu likiwa "hakuna", weka angalau mashine moja ya mafuta pembeni.

Na jambo la uzani: betri ni sehemu ya kinachozuia foklifti isipinduke mbele. Kibao cha mashine huonyesha uzito wa chini na wa juu wa betri inayoruhusiwa. Anayetoa betri ya risasi na kuweka ya lithiamu iliyo nyepesi bila kuongeza chuma cha kufidia, amepunguza uwezo wa mashine bila kumwambia dereva.

Hatua ya 5: Sasa chukua kikokotoo

Foklifti ya dizeli ya tani 2.5 hunywa takriban lita 2 hadi 4 kwa saa ya kazi, kutegemea mzigo na mguu wa dereva. Tuchukue 3. Ile ya umeme tumeipa uniti 6 kutoka kwenye betri, lakini chaja na betri ya risasi hupoteza karibu robo ya umeme, kwa hiyo ukutani zinatoka uniti 8. Kwa lithiamu zinatoka kama 6.7.

Kwa hiyo linganisha bei ya lita 3 za dizeli na bei ya uniti 8 za umeme mahali ulipo. Hiyo ndiyo tofauti yako kwa saa. Ukifanya saa 1,200 kwa mwaka, ni lita 3,600 dhidi ya uniti 9,600. Ukifanya saa 200, ni lita 600 dhidi ya uniti 1,600.

Tofauti hiyo ya mwaka ndiyo inayolipia bei kubwa ya kununulia mashine ya umeme, betri na chaja. Mwenye saa 1,200 mara nyingi huona fedha zikirudi. Mwenye saa 200 huenda akafikisha umri wa betri kabla hazijarudi, tena betri ya risasi inayokaa bila kuchajiwa hujiharibu yenyewe. Kwa kazi chache za nje, dizeli iliyotumika na kutunzwa vizuri bado ni uamuzi wa mtu mwenye akili zake. Kwa kazi chache za ndani, rudi kwenye hatua ya 3. Hesabu ya fedha haifuti hesabu ya mapafu.

Usisahau kuandika upande wa umeme betri moja ya kubadilisha ndani ya umri wa mashine kama ni ya risasi, kazi ya waya na mahali pa kuchajia. Upande wa mafuta andika tangi au ghala la mitungi, oili, vichujio, na siku ambazo mashine italala gereji.

Hatua ya 6: Uliza nani ataitunza

Dizeli na gesi hutaka oili ya injini, vichujio, maji ya rejeta, mikanda na, kwa gesi, plagi. Sevisi huja kila saa 250 hivi. Ya umeme haina hayo na vipindi vyake ni virefu zaidi. Breki zake pia huchelewa kuisha, kwa sababu mota husaidia kupunguza mwendo na kurudisha umeme kidogo kwenye betri.

Lakini betri ya risasi ina kazi yake ya kila wiki, na lazima iwe ya mtu mmoja mwenye jina. Maji safi ya betri, wala si tindikali, huongezwa baada ya kuchaji. Ukijaza kabla, maji huvimba wakati wa chaji na kumwaga tindikali juu ya betri na sakafu. Sahani za risasi ndani ya betri zikiwa zimeachwa wazi na maji ndipo unaweka kidogo kuzifunika tu, unachaji, kisha unakamilisha. Miwani, glavu na sehemu ya kunawia macho viwepo hatua chache kutoka hapo. Kama huna mtu wa kufanya hivi bila kukumbushwa, lipa ziada ununue lithiamu, au baki na mafuta.

Uma, minyororo na haidroliki ni vile vile kwa zote. Uma ulioliwa asilimia 10 kwenye kisigino umepoteza takriban asilimia 20 ya uwezo wake na unatupwa; mnyororo uliorefuka asilimia 3 unabadilishwa.

Hatua ya 7: Fikiria wanaotembea kwa miguu

Ukimya wa foklifti ya umeme ni raha kwa dereva, ni hatari kwa anayepita kwenye kona. Mtu aliyezoea ngurumo ya dizeli hukwepa kwa masikio. Ukihama, weka taa ya bluu inayomulika sakafuni mbele ya mashine, chora njia za watu kwa rangi, na punguza mwendo wa juu kwenye mpangilio wa mashine. Za umeme nyingi zinaruhusu hilo kwa kubonyeza. Wiki ya kwanza madereva wa dizeli watalalamika kwamba inaruka ikikanyagwa. Wape siku mbili za mazoezi bila mzigo.

Kwa gesi, anayebadilisha mtungi avae glavu: gesi ikiwa bado kimiminika ikigusa ngozi huiunguza kwa baridi.

Hatua ya 8: Ijaribu kwako

Usikubali majaribio ya kwenye uwanja wa muuzaji, penye sakafu kama kioo. Omba mashine ije kwako angalau siku tatu, na siku moja kati ya hizo iwe ile yenye malori mengi kuliko zote. Mpe dereva wako mzito wa kusifu. Ya dizeli ijazwe tangi hadi juu asubuhi na ijazwe tena jioni, lita zilizoingia zigawanywe kwa saa za mita. Ya umeme, soma asilimia ya betri kila baada ya saa moja na uiandike; ikishuka chini ya asilimia 20 kabla zamu haijaisha, betri hiyo ni ndogo kwako hata kama bado ina nailoni yake.

Kwa mashine iliyotumika ya umeme, unachonunua hasa ni betri, na ukiinunua bila kuipima umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Dai ipimwe uwezo kwa kutumiwa ikiwa na mzigo mpaka ifike kiwango cha chini, kisha kila seli ipimwe volti. Kila seli ya risasi ni volti 2, hivyo betri ya volti 48 ina seli 24. Moja au mbili zikiwa chini sana ya wenzake, hapo ndipo punguzo la bei linapoanza kuzungumzwa. Kwa dizeli iliyotumika, fika kabla hawajaiwasha. Gusa injini, ikiwa ya moto, waambie utarudi kesho asubuhi, kwa kuwa unataka kuiona ikiwaka ikiwa baridi.